Elimu ya Mtandaoni Ifike Barazani

Haupiti mwezi siku hizi bila kusikia kwamba madiwani, watendaji wa kata, au vijana wa vikundi vya kiraia wamealikwa kwenye mafunzo ya utawala wa mitaa yatolewayo kwa mtandao. Mwalimu yuko Ulaya au Asia, mwanafunzi yuko Singida au Newala, na kati yao hakuna kitu ila kioo cha simu. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kupanga bajeti pamoja na wananchi, namna ya kupokea malalamiko kwa simu, na namna ya kuweka hesabu za halmashauri mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Wanafunzi wenziwe hutoka mabara mbalimbali, na kila mmoja hueleza desturi za kwao. Baada ya majuma machache hupewa cheti.

Sisi twaunga mkono mafunzo hayo, nasi twasema hivyo mapema ili tusieleweke vibaya. Mtu akataaye elimu kwa sababu imekuja katika chombo kipya ni sawa na mtu akataaye barua kwa sababu imeletwa na ndege. Lakini twauliza swali moja, na tungependa kila mwanachama na kila mfanyakazi aulize pamoja nasi. Elimu hiyo ikisha kumfikia diwani na mtendaji, huenda wapi baadaye? Je, hufika kwenye mkutano wa kijiji, au hubaki ukutani pamoja na cheti?

MWENYE KAULI NI NANI?

Yafaa kwanza tukumbushane mambo yaliyo yetu wenyewe. Serikali za mitaa nchini mwetu zilifutwa mwaka 1972, ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na watu. Lakini waliosogea hasa walikuwa maofisa wa Serikali Kuu, na halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikatoweka. Taifa lilijifunza kwa kupata hasara. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Zikafuata sheria za mwaka 1982, yaani Sheria Na. 7 kwa wilaya na Sheria Na. 8 kwa miji. Na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Katiba, katika ibara ya 145 na ya 146, imeweka serikali za mitaa na kueleza kwamba zipo kwa ajili ya kuwapelekea wananchi madaraka.

Kwa mujibu wa sheria hizo, mwenye kauli kuu kijijini ni mkutano wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtumishi wa mkutano huo. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano wa kijiji kukubali. Tazameni uzito wa jambo hili. Uwanda wa malisho, msitu wa kuni, bonde la mpunga, havitolewi kihalali mpaka wanakijiji wenyewe wamekutana, wameelezwa, wameuliza, na wameinua mikono yao.

Sasa tuulizane kwa haki. Ni wakulima wangapi wanaoijua sheria hiyo? Ni akina mama wangapi wajuao kwamba tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu? Ni vijana wangapi wajuao kwamba kusomewa mapato na matumizi ya kijiji ni haki yao, wala si fadhila ya mwenyekiti? Asiyeijua haki yake hawezi kuidai. Na asiyedai hugeuzwa mwombaji wa mali yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kazi ya mafunzo. Mtendaji huyajua mengi ya mambo hayo, maana ndiyo kazi yake. Anayekosa ni yule aketiye kwenye jiwe mbele ya meza ya mkutano. Tukimwongezea elimu mwenye meza, na mwenye jiwe tukamwacha alivyo, tutakuwa tumeongeza umbali kati yao badala ya kuupunguza.

TULIKWISHA KUSOMA KWA MBALI

Wako wadhanio kwamba kusoma kwa mbali kumeletwa na intaneti. La hasha. Nchi hii ilikwisha kuwa na darasa kubwa lisilo na kuta, na waliosoma humo bado wako miongoni mwetu, waulizeni.

Mwaka 1969 Redio Tanzania ilirusha masomo ya "Kupanga ni Kuchagua", ili wananchi waufahamu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970 yakaja masomo ya "Uchaguzi ni Wako", na mwaka 1971 "Wakati wa Furaha", taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1973 ikafanywa kampeni iliyo mashuhuri kuliko zote, "Mtu ni Afya". Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, na watu wapatao milioni mbili wakasikiliza na kujadiliana katika vikundi vyao. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Redio ilikuwa na kasoro zake. Betri zilikwisha katikati ya somo, mawimbi yalipotea, na chombo chenyewe kilisema tu, hakikuweza kuulizwa. Kwa nini basi masomo yale yalifaulu? Sisi twaona kwamba yalifaulu kwa sababu ya mambo matatu. La kwanza ni kikundi. Hakuna aliyesoma peke yake. Watu walikutana, wakasikiliza pamoja, wakabishana. La pili ni kijitabu na mtu wa kukisoma. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe kwa lugha aliyoifahamu. La tatu ni tendo. Somo la afya halikwisha mpaka choo kimechimbwa, kichaka kimefyekwa, na kisima kimesafishwa. Kila kikundi kiliulizwa kimefanya nini, na mtihani wake ulikuwa kazi ya mikono.

Sasa linganisheni na mafunzo ya leo. Chombo cha leo ni bora kuliko redio mara nyingi. Huonyesha picha, hupokea maswali, hurudia somo mara kumi bila kuchoka. Lakini mwanafunzi huketi peke yake, amefunga mlango, ametia visikizio masikioni. Akifaulu, amefaulu yeye. Akipata kazi bora mjini, huondoka na elimu yake, na kijiji hubaki kama kilivyokuwa. Tumepata chombo kilicho bora, tukakiacha kikundi. Tumepata cheti, tukaliacha tendo. Haifai iwe hivyo, wala hakuna lililotulazimisha.

YA WENZETU

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Faida kubwa ya mafunzo haya ni kutukutanisha na watu wa desturi nyingine. Basi tutazame wenzetu wamefanya nini, bila kudharau na bila kusujudu.

Katika mji wa Porto Alegre, Brazili, Chama cha Wafanyakazi kilishinda uchaguzi wa mji mwishoni mwa mwaka 1988, na kuanzia mwaka 1989 kikawaita wakazi wapange wao wenyewe sehemu ya bajeti ya maendeleo. Watu wa mitaa ya kimaskini walikutana baada ya kazi, wakachagua wajumbe, wakapanga ipi itangulie kati ya maji, mifereji, barabara na shule. Utaratibu huo ulienea duniani, hata miji ya Ulaya ikauiga. Nchini humo humo, mji wa Belo Horizonte uliamua mwaka 2006 kuongeza kura ya bajeti kwa mtandao. Zaidi ya watu 170,000 walipiga kura mwaka ule, na dunia ikashangilia. Lakini kufikia mwaka 2011 waliopiga kura hiyo hawakufika 100,000. Kubonyeza ni kwepesi kuliko kukutana. Lakini lililo jepesi kuanza ni jepesi pia kuachwa. Hata Porto Alegre yenyewe, mwalimu wa wote, ilisimamisha utaratibu wake mwaka 2017. Desturi njema isiyolindwa na wenyewe hupotea hata nyumbani kwake.

Estonia ni nchi ndogo ya Ulaya ya Kaskazini. Mwaka 2005, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu raia wake wote kupiga kura kwa intaneti. Wengi huitaja sifa hiyo, wachache hutaja kilichotangulia. Tangu miaka ya 1990 iliweka kompyuta katika shule zake. Na kati ya mwaka 2002 na 2004 iliwafundisha watu wazima wapatao 100,000 matumizi ya kompyuta na intaneti, katika nchi yenye watu wasiozidi milioni moja na nusu. Na bado, katika kura ile ya kwanza, waliotumia mtandao hawakufika asilimia 2 ya wapiga kura. Iliwachukua hadi uchaguzi wa wabunge wa mwaka 2023 kuona zaidi ya nusu ya kura zikipigwa hivyo. Walifundisha kwanza, kisha wakangoja miaka 18.

Nchi ya Uswisi ni tajiri, na haikosi chombo chochote. Lakini katika jimbo la Glarus raia hukutana kila mwaka uwanjani, jua au mvua, wakaamua mambo yao kwa kuinua kadi za kura mbele ya wenzao. Mwaka 2006 mkutano huo wa uwanjani uliamua kwamba wilaya ndogo 25 za jimbo ziunganishwe ziwe 3 tu. Nchi hiyo hiyo, ilipotaka kura ya mtandao, iliufungua mfumo wake mwaka 2019 ili wataalamu wa nje waukague. Walipoona kasoro kubwa, mfumo ukawekwa kando, na majaribio hayakuanza tena ila mwaka 2023. Hakuna aliyeona aibu. Basi yule awaambiaye wanakijiji wa Kondoa au Masasi kwamba kuketi chini ya mwembe na kuinua mikono ni ushamba, na ajue kwamba wako matajiri wa Ulaya wafanyao vivyo hivyo, nao hujivunia.

Huko Taiwan, mwaka 2015, palikuwa na mzozo juu ya teksi za kampuni ya Uber. Serikali na wananchi walitumia programu iitwayo Pol.is, ambamo mtu huandika maoni yake, na wengine husema tu kama wanakubali au hawakubali; nafasi ya kujibizana na kutukanana haipo. Programu hiyo huwaonyesha watu mambo ambayo makundi yanayopingana yanakubaliana. Mzee yeyote aliyewahi kuamua kesi ya mipaka ya mashamba atacheka akisikia hayo, maana ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, kutafuta lile neno ambalo pande zote mbili zaweza kulikubali. Na mji wa Barcelona, Hispania, ulianza mwaka 2016 kutumia jukwaa liitwalo Decidim, maana yake "tunaamua" kwa lugha ya Kikatalani. Maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi, mtu yeyote duniani aweza kuyachukua na kuyatumia bila kulipa.

Tusiende mbali mno tukawasahau jirani. Wakenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, waliunda kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013, na sheria yao ya mwaka 2012 yazitaka kaunti hizo kutoa elimu ya uraia. Lakini somo kubwa lilitoka kwa vijana mwezi Juni mwaka 2024. Muswada wa Fedha, ulioandikwa kwa lugha nzito ya mawakili, waliupasua vipande vipande katika simu zao, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, mpaka mama muuza mboga akajua ni kodi gani itamgusa. Hawakupewa mwalimu wala cheti. Yaliyofuata yanajulikana. Watu waliingia barabarani, wengine wakapoteza maisha yao, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo. Twawakumbuka waliokufa kwa huzuni, na twasema jambo moja. Watu wakisha kuelimika hutafuta mahali pa kusemea. Elimu isiyopata baraza hutafuta barabara.

"MFUMO UMEKATAA"

Katika ofisi zetu limezuka neno jipya. Mwananchi akienda kudai haki yake huambiwa, "Mfumo umekataa." Kesho yake huambiwa, "Mtandao uko chini." Keshokutwa, "Mfumo haujafunguliwa." Zamani alimjua bwana mkubwa aliyemnyima, alimjua kwa sura, akaweza kumshtaki kwa mkubwa wake. Huyu mfumo hana sura, hana mkubwa, hashtakiwi.

Hatusemi kwamba mifumo ni mibaya. Tangu mwaka 2017 halmashauri zetu huandaa mipango na bajeti zao kwa mfumo wa PlanRep uliounganishwa kwa mtandao, na hapana shaka kwamba umepunguza safari za maofisa wenye mafurushi ya karatasi. Lakini hesabu zikisha kuingia humo huonwa na nani? Ofisa wa wilaya huziona, wizara huziona, mfadhili huonyeshwa. Mwanakijiji ambaye zahanati ni yake, na ambaye alibeba mawe na mchanga ilipojengwa, hategemei ila karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kama imebandikwa, na kama mvua haikuinyeshea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa daftari lenyewe limefungiwa mahali mwenye mali asipofika.

Tufikirie mfano. Mwekezaji ataka ardhi ya kijiji. Mtendaji aliyepata mafunzo aja na kompyuta, aonyesha ramani yenye rangi nzuri, asema, "Jambo hili limekwisha kuingizwa kwenye mfumo, mkutano huu ni wa kuwapa taarifa tu." Ikiwa wanakijiji hawajui sheria ya mwaka 1999, watapiga makofi na kwenda zao. Ikiwa waijua, mmoja wao atasimama, pengine bibi kizee asiyejua hata kuwasha kompyuta hiyo, aseme, "Mwanangu, mfumo hauna shamba hapa. Wenye shamba ni sisi, na bado hatujainua mikono." Basi ardhi ya watoto itakuwa imeokolewa na maneno hayo machache. Mafunzo yote ya dunia yapimwe kwa kipimo hicho: je, yamemwezesha bibi yule kusimama?

Pia tukumbuke kwamba mlango wa mtandao una komeo, na komeo hilo haliko mikononi mwa mwanafunzi. Nchini Uganda intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi wa Januari mwaka 2021. Nchini mwetu ilizimwa kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba mwaka 2025, kwa siku kadhaa. Siku ile mtandao unapozimwa, darasa la mtandaoni hufungwa, ubao wa malalamiko wa mtandaoni hufungwa, na demokrasia yote iliyohamishiwa katika simu hunyamaza. Haifai kabisa kuwafundisha watu kwamba sauti yao imo katika simu, kisha simu ikazimwa. Nchi ielezayo kwamba yataka utawala wa kidijitali haina budi kuapa kwanza kwamba haitauzima mlango huo. Na wananchi, kwa upande wao, wasiuache mwembe wao.

TWATAKA NINI?

Kwa hayo yote sisi hatushauri mtandao uachwe. Una faida ambazo mkutano hauna. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hawezi kuhudhuria mkutano wa mtaa wa saa tisa alasiri. Muhtasari ukiwekwa kwenye simu atausoma akipumzika. Binti anayeona haya kusema mbele ya wajomba zake aweza kuandika swali lake, likasomwa bila jina. Kiziwi aweza kusoma, kipofu aweza kusikiliza. Hao wote mkutano wetu umewaacha nje miaka mingi, nasi tusijidai kwamba mwembe haujawahi kuwa na kasoro.

Twataka basi mambo yafuatayo.

Kwanza, kila diwani, mtendaji au mwanachama aliyepata mafunzo kwa fedha ya umma au kwa jina la umma, arudishe hesabu ya elimu yake. Katika mkutano wa kawaida unaofuata, asimame aeleze kwa Kiswahili chepesi amejifunza nini na nini kitabadilika. Cheti chake kihesabiwe nusu mpaka amefanya hivyo.

Pili, turudishe vikundi. Simu moja yenye kipaza sauti yatosha watu ishirini. Ofisi ya kijiji, shule, tawi la chama cha wafanyakazi, na chama cha ushirika viwe mahali pa kusomea pamoja. Walimu wetu walipewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kwa makubaliano na waalimu wenyewe, na bila kuwaongezea mzigo bure, vyombo hivyo vyaweza kusaidia jioni moja katika juma. Redio za wilayani nazo zipewe masomo hayo ziyarushe, kwa kuwa redio haidai bando.

Tatu, masomo yaandikwe kwa Kiswahili na watu wanaokijua kijiji. Masomo mengi ya nje humdhania mwanafunzi kuwa mkazi wa mji wa Ulaya, mwenye anwani ya nyumba, akaunti ya benki na nafasi ya kutosha. Tuwaeleze walimu wetu wa ng'ambo kwamba sisi nasi tunalo la kuwafundisha. Sheria yenye kuwapa wakazi wote wa kijiji kauli juu ya ardhi yao ni jambo ambalo wengi duniani wangelitamani. Tuingie darasani kama watu wenye kitu mkononi.

Nne, kila somo liwe na tendo lake. Somo la bajeti lisihesabiwe kwisha mpaka mapato na matumizi ya kijiji au ya mtaa yamesomwa mbele ya watu na kubandikwa ubaoni na kwenye simu. Somo la ardhi lisihesabiwe kwisha mpaka sheria imesomwa kwa sauti katika mkutano, kifungu kwa kifungu, na maswali yamejibiwa.

Tano, kura juu ya ardhi, juu ya michango, na juu ya kumwondoa kiongozi mwovu, ibaki katika mkutano wa watu wanaoonana uso kwa uso. Mtandao uwaite watu, uwakumbushe, uwapelekee karatasi za kusoma kabla, na utunze muhtasari baadaye. Lakini usikate neno kwa niaba yao.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yataka fedha nyingi. Twajibu kwamba yataka hasa nia. Kipaza sauti, ubao, daftari, na saa mbili za jioni havijamshinda mtu. Wako pia watakaosema tungoje mpaka kila mtu awe na simu janja. Hao nao twawajibu kwamba wazee wetu hawakungoja kila mtu awe na redio. Walikusanyika kwenye redio moja.

Mwisho twasema na ninyi, ndugu wanachama na wafanyakazi. Msiwangoje wakubwa. Katika kila tawi, katika kila kiwanda, katika kila bandari na kila shamba, yuko angalau kijana mmoja aliyekwisha kuhudhuria mafunzo hayo ya mtandao. Mtafuteni juma hili. Mwambieni, "Mwenzetu, ulisoma, sasa tufundishe." Kisha nendeni naye kwenye mkutano ujao wa mtaa wenu au kijiji chenu, mkae mbele, na ikifika saa ya maswali, ulizeni habari ya mapato na matumizi.